Harufu Mbaya Chumba cha Kukaushia

3 Februari

Baba,

Shikamoo. Najua mwandiko huu ni mgeni kwako, na ukishuka chini utakuta sahihi usiyoitarajia. Mimi ni mke wa mwanao. Yeye mzima, yuko safarini na lori, atarudi mwisho wa mwezi barabara zikimruhusu. Miguu yako inaendeleaje? Na masikio? Aliniambia siku hizi husikii kabisa na simu umeifungia kabatini, ndiyo maana nimeshika kalamu. Miaka sita ni mingi kwa barua ya kwanza. Nisamehe, sina muda wa kuipamba.

Mimi nafanya kazi kiwanda cha kufulia. Tunafua mashuka ya hospitali na ya mahoteli. Tarehe 19 Januari, saa nne asubuhi, chumba cha kukaushia kililipuka. Ilikuwa gesi inayowasha mashine za kukaushia. Mwenzetu tuliyemwita Shuka, aliyekuwa anasukuma kitoroli cha nguo mbichi, alifia palepale. Mama Pasi, mwanamke aliyenifundisha kazi, ameungua mikono yote miwili na shavu la kushoto. Amelazwa. Mimi nilikuwa nimetoka kuhesabu foronya kwenye lori. Sina hata mchubuko, na hilo nalo wanalihesabu kama ushahidi.

Siku tatu mfululizo kabla ya hapo, tarehe 16, 17 na 18, niliandika kwenye daftari la zamu: "Harufu mbaya chumba cha kukaushia." Msimamizi alisoma, akatia sahihi, akatuma mtu na sumu ya panya.

Sasa kampuni inasema kosa ni langu kwa sababu sikuandika gesi. "Mbaya" ni neno la kila kitu, wanasema, hata soksi zina harufu mbaya. Kuna baraza la uchunguzi, kikao cha kwanza ni tarehe 20. Wakiona nilizembea nitafukuzwa, na polisi wanasubiri jalada. Uzembe uliosababisha kifo, ndivyo wanavyouita.

Baba, wewe umeishi na maneno miaka arobaini. Kamusi iliyoko kwenye rafu ya mwanao ina jina lako ukurasa wa kwanza. Niambie: "mbaya" maana yake nini? Mtu akilisoma neno hilo mara tatu, siku tatu, ana haki ya kusema hakuelewa?

Sikuombi uje. Nakuomba maana tu.

Mkweo

*

9 Februari

Mke wa mwanangu,

Marahaba. Barua imefika. Poleni kwa msiba, na mpe mgonjwa pole zangu. Miguu yangu inafika inakotumwa, ila kwa kujadiliana kwanza. Masikio yamestaafu kabla yangu.

Neno uliloliuliza shina lake ni -baya, nalo hufuata jina linaloliongoza: mtu mbaya, kitu kibaya, jambo baya, maneno mabaya. Kamusi yetu inalipa maana nne, kwa mpangilio huu: -sio -zuri; -siopendeza; -siofaa; -enye kuleta madhara. Ya nne ndiyo ungeipenda, lakini utaona kwamba ni ya nne.

Ni neno pana. Watu hulitumia kwa mwandiko, kwa bahati, kwa mboga zilizolala. Kwa hiyo sioni kama litakusaidia kuliegemea. Nakushauri ueleze ulichokiona na kukinusa, mambo ya maana uyaache.

Tena ningependa jina langu lisitajwe barazani.

Nakutakia afya.

Baba mkwe

*

21 Februari

Baba,

Leo shikamoo imenikwama kooni. Iokote mwenyewe utakapoipata.

Jana wakili wa kampuni alisimama akatoa karatasi moja. "Hatutaki kubishana juu ya lugha," alisema, "tumewauliza wenyewe wanaoandika kamusi." Akasoma. "Neno 'mbaya' ni la jumla mno. Likiandikwa peke yake, halimwarifu msomaji kwamba ipo hatari yoyote maalumu." Kisha akasoma jina na sahihi. Watu wakanigeukia, maana ubini ule ndio ninaoutumia mimi pia kazini. Wakili mwenyewe alishtuka kidogo, halafu akatabasamu.

Tarehe ya karatasi ile ni 28 Januari. Mimi nilikuandikia tarehe 3 Februari. Ina maana ulipokuwa unanihesabia maana moja, mbili, tatu, nne, ulikuwa umeshaniuza.

Mjane wa Shuka anakaa safu ya mbele. Ukurasa ulipokwisha alinitazama, Baba, wala hakulia. Alinitazama tu mpaka kikao kikafungwa.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nafua nguo kila siku ya Mungu, na sikukiona.

Usijibu.

Mke wa mwanao

*

26 Februari

Mke wa mwanangu,

Najibu. Ukiichana bila kuisoma, itakuwa haki yako.

Tarehe 27 Januari barua ya wakili ilifika ofisini, ninakokwenda bado siku mbili kwa wiki kuwasaidia vijana. Haikutaja kiwanda, wala moto, wala mtu. Iliuliza: je, maneno "harufu mbaya", yakiandikwa peke yake, yanamwarifu msomaji juu ya hatari maalumu? Tunapokea maswali kama hayo kila mwezi. Nilijibu kabla chai yangu haijapoa, na kesho yake karani akaichapa nikatia sahihi. Wala sikudanganya, maana neno likiwa peke yake, jibu ndilo hilo.

Barua yako ilipokuja, nilijua kabla sijafika katikati ya ukurasa. Nilikaa nayo siku tatu. Ningeweza kukwambia. Ningeweza kumwandikia wakili siku ileile. Badala yake nilikuandikia mambo ya shina na viambishi, kama mtu anayefagia uani huku nyumba inaungua. Niliogopa jina langu lingeonekana limetia sahihi upuuzi. Sina sababu iliyo bora kuliko hiyo, na nimeitafuta.

Sasa nisikilize. Kosa langu ni la kazi, na kazi hiyo naijua. Neno halina maana peke yake. Ni kama shati kwenye kamba: hujui la nani mpaka aje anayelivaa. Nilipaswa kumuuliza wakili nani aliandika, wapi, na kumwandikia nani. Sikumuuliza.

Kwa hiyo nakuuliza wewe. Panya akifa nyuma ya mashine, ninyi mnaandikaje? Mtaro ukiziba? Dawa ya kung'arishia ikimwagika? Na kabla ya Januari, liliwahi kuandikwa "harufu mbaya" na nani mwingine? Akaja nani?

Usinijibu kwa kunipenda. Nijibu kwa ajili ya yule mjane.

Baba

*

5 Machi

Baba,

Shikamoo. Mume wangu karudi, yuko salama, amelala kama gogo. Sijamwambia kuhusu karatasi yako. Nyumba hii imekaa miaka sita bila kukutaja, sitaki kuanza na hilo.

Sikutaka kujibu. Barua yako niliipeleka hospitali nikamsomea Mama Pasi, maana mikono yake imefungwa kama mtoto mchanga na hawezi kushika kitu. Nilitarajia atakutukana vizuri, ana kipaji hicho. Akaniambia, "Huyo mzee kakojoa kisimani, sasa anaomba ndoo. Mpe ndoo, mwanangu. Ukimnyima tutakunywa nini?"

Basi ndoo hii hapa.

Panya tunaandika "uvundo". Uvundo ni wa kitu kilichokuwa hai. Mtaro tunaandika "mtaro unanuka", basi. Dawa ya kung'arishia ni "harufu kali", kwa sababu inakata pua. Nguo za wagonjwa zikikaa mno kwenye magunia tunasema "zimechacha". Mtu asiyeoga haandikwi, anaambiwa.

"Harufu mbaya" ni gesi, Baba. Kwetu ndiyo gesi. Wala si sisi tulioanza. Mama Pasi anakumbuka, mimi nilikuwa mgeni: kuna mfuaji aliandika "gesi inavuja", mashine zikazimwa siku nzima kama sheria inavyotaka, fundi akaja akakuta mpira umelegea tu. Msimamizi alituita wote kwenye meza ya kukunjia. Akasema, "Neno gesi ni la fundi. Wewe si fundi, huna pua ya serikali. Ukinusa kitu, andika harufu mbaya, mimi nitajua." Mimi nitajua. Mama Pasi anaapa ni maneno yake hayohayo.

Barazani nilisema hivyo. Yeye akakana. Wenzangu wamekaa kimya, kila mtu ana watoto na kodi ya nyumba. Ushahidi wa Mama Pasi umeandikwa kitandani, na wakili anasema mtu aliye kwenye dawa za maumivu husema lolote.

Madaftari ya zamu yako kwa baraza, matatu, ya miaka mitatu. Katibu wa wafanyakazi anasema shahidi wa upande wetu anaruhusiwa kuyasoma mbele ya karani. Shahidi wa upande wetu, Baba, siyo wa upande wao. Ukiingia kule utaingia ukiwa umeshavuka.

Kikao kijacho ni tarehe 27.

Mkweo

*

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kwamba mumeo amefika salama. Msalimie, kama salamu hiyo ina mahali pa kukaa.

Nimemaliza. Nimekaa siku nne katika chumba cha karani wa baraza, kiti hakina mgongo, dirisha halifunguki. Nimesoma kila mstari wa madaftari matatu. Nilifanya ninavyofanya kwa kamusi: kila mahali neno lilipotumika nimeliandikia kadi yake, pamoja na tarehe, mwandishi, na kilichofuata.

"Uvundo" mara tisa. Mara nane, siku ya pili pameandikwa panya, na mara moja paka.

"Harufu kali" mara ishirini na mbili. Iliyofuata ni kufungua madirisha na kupiga deki.

"Harufu mbaya", ukiondoa zako tatu za Januari, mara kumi na nne. Waandishi ni sita tofauti. Na mara zote kumi na nne, siku ileile au kesho yake, kuna mstari wa fundi wa gesi na sahihi yake: kakaza mpira, kabadilisha vali, kaziba ufa. Hakuna hata mara moja alipotumwa mtu wa panya. Na kadi ya kumi na moja, mwanangu, niliishika muda mrefu. Ni ya Agosti ya mwaka juzi. Mwandiko ni wa msimamizi mwenyewe. "Harufu mbaya. Fundi wa gesi aitwe haraka."

Alijua. Tarehe 16 Januari pameandikwa pia, kwa kalamu nyekundu, kwamba hospitali imeleta mashuka mara mbili ya kawaida na yatakiwa kabla ya tarehe 20. Asingeweza kuzima mashine. Kwa hiyo alichagua kuelewa panya.

Nimemuuliza fundi mmoja wa gesi mtaani kwangu, akaniandikia jibu kwenye boksi la vipuri. Gesi ile yenyewe haina harufu. Harufu hutiwa makusudi huko inakotengenezwa, iwe ya kuchukiza, ili mtu akimbie. Ubaya wake ndio ujumbe wenyewe. Hilo halimo katika kamusi yangu, na nimeihariri mara tatu.

Sasa jambo gumu. Wakili atasema mimi ni mkwe wako na nimekuja kukuokoa. Akisema hivyo kadi zangu zote ni taka. Katibu ameniuliza kama nina chochote cha kuonyesha kwamba sina upendeleo kwako. Ninacho. Ni barua niliyomwandikia mwanangu miezi miwili kabla ya harusi yenu. Nakala yake ninayo, kwa sababu naweka nakala za kila kitu. Nadhani hukuwahi kuiona.

Sitakutumia. Nimejaribu mara tatu kuitia kwenye bahasha hii. Siku ile, nitakapoombwa kuisoma, unaweza kutoka nje. Nakuomba utoke.

Baba

*

30 Machi

Baba,

Shikamoo.

Sikutoka. Uliniona.

Ulikuwepo lakini hukusikia, na yale uliyoyapata ni yale tu karani aliyokuandikia kwenye karatasi. Wacha nikupe mengine.

Ulipoingia na fimbo yako na lile sanduku la viatu lenye kadi, mtu nyuma yangu alisema, "Huyu ndiye aliyeandikia kampuni. Kaja kutumaliza." Wakili alimnong'oneza mwenzake, tena kwa sauti ya kutosha kwa kuwa alijua husikii, "Tuachie kizee, kitajikwaa chenyewe." Watu wakacheka. Wewe ulidhani wamecheka kwa sababu sanduku lilidondoka, ukacheka nao. Roho iliniuma, Baba, na sikutaka iniume.

Kisha ulianza kusoma kadi. Unaongea kwa kelele sana, hujui. Moja, tarehe fulani, harufu mbaya, fundi wa gesi. Mbili, tarehe fulani, harufu mbaya, fundi wa gesi. Kufikia ya tano hakuna aliyekuwa anacheka. Kufikia ya nane wenzangu waliokaa kimya wiki zote hizi walianza kuitikia. Ukisema "harufu mbaya", wao chini kwa chini, "fundi wa gesi." Mwenyekiti aligonga meza. Wewe ukaendelea kwa sababu hukusikia meza. Uliposoma ya kumi na moja na kuinua daftari lenye mwandiko wa msimamizi, mjane wa Shuka alisimama. Akamwendea msimamizi mpaka akasimama mbele yake, akamuuliza, "Ulijua?" Taratibu tu, kama anauliza bei ya nyanya. Yule bwana akaangalia viatu vyake. Ndipo mama wa watu akalia, kwa mara ya kwanza tangu tuanze.

Hayo hukuyasikia.

Halafu wakili akaandika swali lake, karani akakuletea. "Je, mshtakiwa si mke wa mwanao?" Ukasema ndiye. "Je, humpendi kama binti yako?" Ukatoa ile barua mfukoni.

Mimi miaka sita nimeambiwa ulikuwa mgonjwa siku ya harusi. Nilikuwa nakuombea. Kila mwaka nilimwambia mwanao twende tukamwone mzee, anasema mwaka ujao, barabara mbaya. Kumbe barabara haikuwa na kosa.

"Umeniletea mwanamke mbaya." Ulisoma kwa kelele ileile, huwezi nyingine. "Mfua nguo za watu, hana shule, hana wa kumtaja, na ulimi anao. Ukimwoa, usinihesabu katika watu wako." Ukasoma mpaka tarehe. Ukumbi mzima ukanitazama, na Mama Pasi, aliyeletwa kwa kiti cha magurudumu ili tu aseme ana akili zake, akasema, "Kelele zote hizo, na hata chai ya huyu binti hajainywa ikaisha."

Ni kweli. Tulionana muda wa kikombe kimoja cha chai, na ulikiacha nusu.

Ulipomaliza ukamwambia wakili, "Mtu aliyeandika hivi hakuja hapa kwa mapenzi." Ukakaa. Hukunitazama.

Umenisaidia kwa kunivua nguo mbele ya watu. Sijui nikushukuru kwa mkono upi. Ila kuna swali moja limenikalisha macho siku tatu. Ili kulijua neno lile la daftarini umekusanya kadi arobaini na tano. Kwangu mimi, Baba, ulipoandika neno hilohilo, ulikuwa na kadi ngapi?

Uamuzi utatolewa tarehe 24 Aprili.

Mkweo

*

8 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Natumai wote wazima. Mimi mzima.

Sikuwa na hata moja.

Nimeandika sentensi hiyo kisha nikakaa jioni nzima nikitafuta cha kuiongezea. Nilikuwa na mke aliyekufa mwaka ule, na nilimtaka mwanangu abaki karibu, na ulikuja wewe ukicheka kwenye sebule ya marehemu. Lakini hiyo si kadi. Hiyo ni mimi.

Wakili amepeleka malalamiko ofisini. Mkubwa wa ofisi ameniandikia nisifike mpaka wakae kulijadili. Mzee mwenye hati mbili zinazopingana, zote zina sahihi yake, si pambo la kuweka mlangoni. Nimewajibu kwamba ya kwanza wanaweza kuichana, ya pili waitunze. Nimewaomba pia maana ya nne ya "mbaya", ile ya kuleta madhara, iwe ya kwanza. Nadhani watakataa.

Siwezi kukuomba chochote. Nikipata habari ya uamuzi kwenye gazeti itanitosha.

Baba

*

26 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Usingoje gazeti. Juzi mwenyekiti alisoma uamuzi kwa dakika hamsini na mimi nilisimama zote. Baraza limeona kwamba katika kiwanda kile maneno "harufu mbaya" yalijulikana na wote, akiwemo msimamizi, kuwa ni taarifa ya gesi, na kwamba niliitoa mara tatu kama ilivyopaswa. Sina hatia. Jalada limehama jina. Msimamizi alitoka kwa mlango wa pembeni na askari wawili. Kampuni itamtibu Mama Pasi mpaka mwisho, na familia ya Shuka italipwa haki yake.

Nilidhani nitaruka. Nilikaa kwenye ngazi za nje nikashindwa kuvaa kiatu kilichonivuka. Mjane alikaa pembeni yangu. Alinivalisha kiatu, akaenda zake.

Mama Pasi karudi nyumbani. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki tena. Anasema sasa atakuwa anaelekeza tu kama bosi, na kwamba kazi hiyo alikuwa anaifanya siku zote bila cheo. Akishacheka anageukia ukutani kidogo, halafu anarudi.

Kazini nilirudi jana. Chumba kimepakwa rangi mpya, na ukutani pana tangazo: ukinusa gesi, andika GESI, zima mashine, toka. Wameliandika kwa herufi kubwa mno, utadhani wao ndio waliogundua. Nilisimama pale mahali Shuka alipokuwa anaegesha kitoroli, mpaka kengele ikalia.

Mwanao nilimuuliza. Nilimwambia barua yote, neno kwa neno, maana nimeishika kichwani bila kutaka. Akasema alinificha ili niendelee kukuheshimu. Tuligombana siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Na mimi nimekaa miaka sita bila baba, hilo hukuniuliza." Nikampikia.

Nimejaribu kuandika kwamba nimekusamehe. Ukiitazama vizuri karatasi hii, hapa juu kidogo, utaona mahali nilipoandika nikafuta, mara mbili. Neno lile silisikii bado mdomoni. Ukiniuliza leo kama nina hasira nawe, ninayo. Lakini nimechoka kuwa na hasira na mwandiko. Mwandiko haufokewi, haujibu papo kwa papo, na ukilia mbele yake unalowesha meza tu.

Kwa hiyo barua hii sikuitia posta. Nimesafiri nayo kwa basi muda wa saa sita, na jirani yako amenikumbusha mlango. Nimekupa mkononi, na sasa hivi unavyousoma mstari huu nimesimama mbele yako, miguu imenivimba kwa safari, sijui hata niangalie wapi.

Umeshafika mwisho. Inua uso, Baba. Nikaribishe, au nifungie mlango.

Mkweo